Tutozeni kwa Kupima: Barua ya Wazi kwa Wenye Gereji na Mafundi wa Magari

Ndugu wenye gereji na mafundi,

Lexus LS400 ni gari la kifahari ambalo Toyota ilianza kuliuza Marekani mwaka 1989, na ambalo huko Japani liliuzwa kwa jina la Toyota Celsior. Injini yake ya V8 ya lita 4.0 imejijengea sifa ya kudumu. Stelingi yake, gari likishazeeka, huvuja, tena huvuja mahali pabaya: pampu ya stelingi imekaa juu na altaneta imekaa chini yake. Tone la oili likitoka kwenye pampu linaishia kwenye altaneta. Mwenye gari haoni uvujaji, anaona taa ya betri imewaka. Anakwenda kwa fundi umeme, altaneta inabadilishwa, taa inazimika, analipa, anaondoka. Baada ya muda altaneta ya pili nayo inalowa na kufa, na safari hii mwenye gari anaanza kuwalaani wauza spea kwamba wamemuuzia kitu feki. Huenda hawakumuuzia kitu feki. Katika mlolongo huo hakuna hata mmoja aliyedanganya: taa iliwaka kweli, altaneta ilikufa kweli, fundi aliifunga vizuri. Kilichokosekana ni mtu aliyelipwa ili ainame kwenye boneti na kuuliza oili ile imetoka wapi.

Hilo ndilo ninalowaandikia. Katika gereji zetu nyingi, kuanzia zenye lifti na vigae hadi gereji bubu zilizo chini ya miembe, mteja hutozwa kwa kilichobadilishwa. Kuna bei ya spea na kuna bei ya ufundi, na bei ya ufundi maana yake ni kufungua na kufunga. Kutafuta hakuna bei. Fundi akitumia saa mbili kugundua kwamba kosa ni oringi moja iliyokakamaa, atalipwa pesa ya oringi. Akitazama nusu dakika na kusema raki ya stelingi imekufa, atalipwa pesa ya kushusha na kupandisha raki. Malipo ya namna hiyo yanamwadhibu fundi mwangalifu na kumtuza anayebahatisha, hata kama wote wawili ni waaminifu. Ombi langu ni hili: wekeni bei ya kupima, iandikeni ukutani, na mtutoze. Nimechagua stelingi inayovuja kwenye gari kuukuu la kifahari kwa sababu hapo hasara ya kutopima inaonekana wazi kuliko karibu mahali pengine popote kwenye gari.

Najua kuna atakayesema mwenye Celsior, Mercedes au BMW ana pesa, aache kulalamika. Aliyekuwa na pesa ni mnunuzi wa kwanza. Gari likifika kwa mmiliki wa tatu au wa nne, bei yake imeporomoka hadi kulingana na ya gari dogo la kawaida, lakini bei ya spea zake mpya haikushuka nayo. Raki mpya kutoka kwa mtengenezaji bado inauzwa kana kwamba anayeinunua ni yule tajiri wa kwanza. Na milango ya kuleta mengine ya rika hilo imebanwa: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe, Tanzania inayatoza magari makuukuu ushuru wa ziada, Uganda tangu 2018 imeyafungia njia yaliyofika miaka 15. Magari ya kifahari ya miaka ya 1990 yaliyobaki barabarani kwetu mengi yamezeekea hapa hapa, mikononi mwenu, na yataendelea kuwa mikononi mwenu. Mtu anayelimiliki gari kama hilo leo mara nyingi ni mwalimu, mfanyabiashara wa kati au mstaafu anayelipenda. Raki moja isiyokuwa na kosa ikibadilishwa, gari hilo linaweza kuishia kwenye mawe nyuma ya nyumba.

Mfumo wenyewe mnaujua, ila barua ya wazi husomwa na wengi, hivyo nitaupitia kwa ufupi. Mkanda wa injini unazungusha pampu. Pampu inavuta oili kutoka kwenye kikopo na kuisukuma kupitia mpira wa presha hadi kwenye vali iliyo mwisho wa shafti ya usukani. Vali hiyo ndiyo inayoamua oili iende upande gani wa pistoni iliyo ndani ya raki, kifaa kinachogeuza magurudumu, kulia au kushoto, kadiri dereva anavyokata kona. Oili ikishafanya kazi inarudi kwenye kikopo kwa mpira mwingine ambao presha yake ni ndogo tu. Upande wa presha, usukani unapokatwa hadi mwisho, mifumo mingi hufika bar 80 na kuendelea, ilhali tairi la gari dogo linajazwa bar 2 na ushee. Oili hiyo tena ni ya moto, na vinavyoizuia isitoke ni vipande vya mpira: sili, oringi na hizo hozi zenyewe. Mpira uliopikwa kwa miaka 25 pembeni ya injini ya V8 hukakamaa, hukosa mnyumbuko, kisha hupasuka. Kwa gari la umri huo, uvujaji wa stelingi mara nyingi ni uzee wa mpira kabla haujawa uzee wa chuma, na mpira ni rahisi.

Ugumu ni kwamba oili haionekani pale inapotokea. Inashuka kwa uzito wake, inapeperushwa nyuma na feni na upepo wa mwendo, inafuata waya, inafuata bomba, inajikusanya mahali pa chini kabisa. Katika magari mengi mahali pa chini kabisa pa mfumo wa stelingi ni raki. Kwa hiyo raki huwa imelowa hata kama haina kosa, na fundi anayeingia chini ya gari na tochi ataiona yenyewe kwanza. Oringi iliyo kati ya kikopo na pampu ikivuja, raki inalowa. Mpira wa kurudishia oili ukilegea kwenye klipu yake, raki inalowa. Sili ya shafti ya pampu, ile iliyojificha nyuma ya puli, ikichoka, raki inalowa na mkanda unalowa pia. Washa za bolti ya mpira wa presha zikirudishwa zile zile kuukuu badala ya kuwekwa mpya, raki inalowa. Vyote hivyo ni vitu vya bei ya chini. Kilicho ghali ni raki peke yake, nayo ndiyo inayobebeshwa kesi.

Kupima kwenyewe hakuhitaji jengo jipya. Injini ikiwa imepoa, mfumo mzima unaoshwa kwa dawa ya kuondolea grisi, altaneta ikiwa imefunikwa kwa mfuko wa plastiki, kisha unakaushwa kwa hewa. Oili inajazwa hadi alama. Poda ya watoto inanyunyizwa kwenye viungo vyote vinavyoshukiwa, injini inawashwa, mtu mmoja anakata usukani kulia na kushoto bila kuushikilia mwishoni zaidi ya sekunde chache, maana pale vali ya kupunguzia presha inafunguka na oili inachemka bure. Mwingine anatazama, na anatazama kuanzia juu kwenda chini, si kuanzia chini alikozoea kulala. Poda itabadilika rangi oili inapochomoza. Mwenye uwezo anunue ile rangi inayotiwa kwenye kikopo na kung'aa ikimulikwa kwa taa ya UV, imsaidie kwenye uvujaji wa kujificha unaotokea gari likiwa barabarani tu. Kwa raki yenyewe, klipu za buti za mpira za pembeni zinalegezwa: buti zikiwa kavu ndani, sili za ncha za raki bado zinashika na inabidi kutazama kwingine. Zikimwaga oili, hapo raki haina utetezi. Kisha kuna uvujaji usiodondosha kitu kabisa. Upande wa kuvuta, kati ya kikopo na pampu, ufa mdogo unaweza kuingiza hewa badala ya kutoa oili. Oili inapata povu, pampu inapiga mluzi, na asiyepima anabadilisha pampu nzima.

Turudi kwenye LS400, kwa sababu ina ushahidi ambao kwangu ndio mzito kuliko wote. Kwenye pampu yake kumefungwa vali ndogo yenye mirija miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni ya kiungwana: dereva akikata usukani gari likiwa limesimama, pampu inaielemea injini, kwa hiyo vali inafunguka na kuipa injini hewa ya ziada isije ikazimika. Sasa sili ya ndani ya vali hiyo ikichoka, mvuto wa injini unanyonya oili ya stelingi kupitia mrija, unaipeleka kwenye silinda, inaungua humo. Gari linatoa moshi mweupe mzito. Chini hakuna hata tone. Oili kwenye kikopo cha stelingi inapungua, lakini nani hutazama kikopo cha stelingi gari linapotoa moshi nyuma? Jibu linalokuja haraka ni kwamba injini imeanza kula oili: ringi za pistoni, sili za vali, pengine gasketi ya silinda hedi. Kutoka hapo hadi kushusha injini ni hatua fupi, na ni hatua yenye pesa nyingi. Kipimo kinachoiokoa injini hiyo ni kuchomoa mirija miwili, kutazama kama ndani kuna oili, kuziba njia zote mbili kwa muda, na kuliendesha gari mpaka oili iliyokwisha kuingia iungue. Moshi ukikoma, mhalifu ni vali ya ukubwa wa kidole gumba. Kazi hiyo haihitaji spea wala mashine. Inahitaji mtu anayejua kwamba vali ile ipo, na ujuzi wa namna hiyo ndio usio na mstari wake kwenye risiti zenu.

Kupima ni pamoja na kusoma. BMW ya mfululizo wa 5 iliyotoka kati ya 1995 na 2003, ile inayojulikana kama E39, imeandikiwa kwenye kifuniko cha kikopo oili inayotakiwa: baadhi zinatumia ATF, oili ya gia otomatiki, nyingine zinatumia CHF 11S, na moja haiwekwi badala ya nyingine. Mercedes ya W124, ambayo miaka mingi ilikuwa gari la wakubwa na bado inaonekana mijini, haina raki. Ina boksi la stelingi, ambalo hupenda kuvuja kwenye sili ya shafti yake ya chini, na ndani ya kikopo cha pampu yake kuna chujio dogo ambalo gari linaweza kuzeeka halijawahi kubadilishwa. Asiyejua chujio lipo atasema pampu imechoka. Wapo pia wanaomimina oili ya breki kwa hoja kwamba yote ni haidroliki. Oili ya breki ya kawaida, DOT 3 au DOT 4, asili yake ni tofauti kabisa na ya oili ya stelingi, na sili za stelingi hazikutengenezwa kuihimili: huvimba, hulegea, zikaanza kuvuja hata zile zilizokuwa nzima. Hapo mwenye gari aliyekuja na tatizo la oringi moja anaondoka na mfumo mzima wa kufumua.

Najua mtajibu nini, na pingamizi la kwanza lina uzito. Mtasema mteja hatalipa kutazamwa. Atasema nimeleta gari litengenezwe, sikulileta litazamwe, na atahamia gereji ya jirani isiyotoza kipimo. Wengine watafanya hivyo, sikatai. Lakini mteja huyo huyo akiumwa homa, analipa maabara apimwe malaria kabla ya kununua dawa, na kipimo kikionyesha hana malaria hadai arudishiwe pesa yake, kwa sababu amejifunza kwamba dawa ya kubahatisha inagharimu zaidi. Hakuzaliwa akijua hivyo. Alizoeshwa na zahanati zilizoweka dirisha la maabara kabla ya dirisha la dawa na kuandika bei. Wateja wa gereji hatujazoeshwa kwa sababu hakuna aliyetuandikia bei. Tukiuliza shilingi ngapi, tunatajiwa za raki.

Pingamizi la pili linatoka upande wetu sisi wateja, na ni haki lisemwe: bei ya kupima inaweza kugeuka mrija mpya wa kutunyonya. Gari litaingia kwa stelingi, litapimwa stelingi, breki, gia na hata redio, na kila kipimo kina ankara yake. Hofu hiyo haiondolewi kwa maneno ya imani. Inaondolewa kwa bei moja ya mfumo mmoja, inayojulikana kabla boneti halijafunguliwa, na kwa ushahidi. Simu ya fundi ina kamera. Picha ya kiungo kikiwa kimeoshwa na picha ya kiungo hicho hicho poda ikiwa imelowa, zikitumwa kwa mteja, zinamaliza ubishi. Kinachobadilishwa kirudishwe kwa mwenye gari hata kama ni oringi iliyokatika, akitaka akitupe mwenyewe. Wapo wanaopendekeza pesa ya kipimo ikatwe kwenye bei ya kazi iwapo mteja atatengenezea hapo hapo. Mimi silipendi pendekezo hilo. Ikifanywa hivyo, kipimo kinarudi kuwa bure kwa anayebadilisha spea, na fundi anarudi pale pale alipokuwa, akihitaji kuuza kitu ili alipwe kwa macho yake.

Kuna wanaoona suala zima halina haja ya kelele, kwamba oili ya stelingi ni rahisi, mwenye gari aongeze kila wiki na maisha yaendelee. Kwa uvujaji wa jasho tu, wa kulowesha bila kudondosha, sitawabishia sana. Kwa unaodondosha, nawabishia. Mwenye gari akisahau wiki moja, pampu inanyonya hewa. Ndani ya pampu kuna vibapa vya chuma vinavyoteleza juu ya oili, na ikikosekana vinasagana. Unga wa chuma unaingia kwenye mzunguko na kwenda kukwangua zile sili za raki zilizokuwa nzima, na kwa hiyo kuongeza oili kwa uzembe ndiyo njia ya uhakika ya kuigeuza hukumu ya uongo dhidi ya raki kuwa ya kweli. Oili hiyo pia inawaka: ikidondokea kwenye bomba la ekzosi lenye moto mkali, inaweza kushika. Na msaada wa stelingi ukikatika ghafla katikati ya kona, usukani bado unageuza magurudumu, lakini gari la zaidi ya tani moja na nusu linakuwa zito mkononi mwa mtu asiyejiandaa. Ama zile chupa za dawa ya kuzuia uvujaji, nyingi hufanya kazi kwa kulainisha na kuvimbisha mpira uliokakamaa. Sili inayotoa jasho inaweza kutulia kwa muda. Mpira wa presha uliopasuka hautulii, shafti iliyolika haijazi pengo, na klipu iliyolegea haikazwi na dawa. Kuimimina kabla ya kupima ni funika kombe mwanaharamu apite.

Mafundi wazoefu wana pingamizi lao, nalo ni la kweli kwa nusu: kwamba raki ya mtumba kutoka Japani au Dubai ni salama kuliko sili za dukani, kwa sababu sokoni sili mbovu ni nyingi. Sili mbovu zipo. Lakini raki ya mtumba ya gari la mwaka 1992 ina sili za mwaka 1992. Imelala ghalani ikiwa kavu, na mpira uliolala mkavu haupati ujana. Mteja ananunua uzee ule ule, anaongeza gharama ya alaimenti ya matairi, kisha anasubiri. Raki ya gari lenyewe iliyopimwa na kuthibitika kuwa mbovu inaweza kufunguliwa na kutazamwa fimbo yake: ikiwa laini, isiyo na kutu wala mikwaruzo, sili mpya zitashika, ikiwa imekwanguka, hakuna sili itakayodumu, na hapo kubadilisha raki ni uamuzi wenye sababu. Sili zenyewe mara nyingi zimeandikwa vipimo, upana wa ndani, wa nje na unene, na miji yetu ina maduka yanayouza sili za haidroliki kwa wenye makatapila na folklifti. Ila mwulizeni muuzaji presha, si kipenyo tu, kwa maana oili sili ya kawaida ya injini ikiwekwa kwenye raki itatoka siku hiyo hiyo. Wanaobana hozi za tipa nao wanaweza kuufanyia mpira wa presha mwili mpya kwenye vichwa vyake vya zamani, mradi watumie hozi iliyotajwa kuhimili presha, joto na oili hiyo. Baadhi ya mipira ya kiwandani ina kitu ndani cha kutuliza mawimbi ya oili, hivyo wa kutengenezwa mjini unaweza kuvuma kidogo. Mwambieni mteja mapema, asije akarudi akidhani ni pampu. Mtaona kwamba hata katika kutengeneza, kila hatua inategemea mtu kutazama kabla ya kununua.

Wapo kati yenu wanaopima kila siku bila kutoza. Wanaisikia pampu ikilia na kujua ni hewa, si beringi. Wananusa moshi na kujua ni ATF, si oili ya injini. Kwenu hao naona bei ya kupima ni deni mnalotudai sisi. Mmekuwa mkilificha kwenye bei ya spea, kidogo juu ya hozi, kidogo juu ya pampu, na mteja akigundua duka linauza kwa bei ndogo kuliko yenu anawaita wezi. Mngetoza macho yenu waziwazi, mngeweza kuuza hozi kwa bei ya hozi. Na vijana wanaojifunza kwenu wangeona jambo ambalo sasa hawalioni. Kijana anayekaa gereji miaka miwili anajifunza kile kinachofanyika mbele yake: kulegeza, kushusha, kupandisha, kukaza. Kutafuta kunafanyika kimya kimya ndani ya kichwa cha fundi mkuu, kwa haraka, kati ya kazi mbili zinazolipa. Kikiwa kazi yenye bei na muda wake, kipimo kinafanywa kwa mikono na kwa sauti, na kijana anakishika. Mamlaka za mafunzo ya ufundi, VETA kwa Tanzania na NITA kwa Kenya, zinawapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini. Cheti kinaning'inia ukutani kikisema huyu anajua. Kando yake kuna bango la bei, na bango hilo halina mahali panapomlipa kwa kujua.

Ninachoomba kiandikwe kwenye karatasi ya kipimo ni kidogo. Aina ya oili iliyokutwa kwenye kikopo na ile iliyoandikwa kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Mahali oili inapoanzia, kwa jina la kiungo, na picha yake. Hali ya buti za raki, kavu au zimejaa. Kama gari lina ile vali ya hewa kwenye pampu, mirija yake imekutwaje. Mwisho, kinachopendekezwa kibadilishwe na kinachoweza kungoja, kwa sababu mwenye gari la kifahari la miaka 30 huwa na foleni ndefu ya matengenezo na anahitaji kujua aanze na lipi. Akiichukua karatasi hiyo na kwenda kutengenezea kwingine, mwacheni aende: amewalipa kwa kazi mliyofanya. Bei mpange ninyi, kila mtu kwa mji wake na soko lake. Sharti langu kwa bei hiyo ni kwamba isiwe ya aibu, ya kutupiwa kama pesa ya soda. Iwe kubwa kiasi kwamba fundi aliyetumia mchana wake kuthibitisha kuwa raki ni nzima asiwe na sababu ya kutamani ingekuwa mbovu.

Wenu,
Mteja